Tochi ya Bwana Karibu

Watu walimsifu marehemu mpaka mjane wake akaanza kujiuliza kama hakukosea jengo.

Kwanza alikuja mzee wa miwani minene, akamshika mkono pale kwenye ngazi na asiuachie. Alisimulia jinsi alivyofika hapa na mchumba wake siku ya mvua kubwa, na Bwana Karibu akavuka barabara na mwavuli kuwapokea, yeye mwenyewe akalowa chapachapa. Hajakaa sawa, akaja mwanamke mnene mwenye mkoba mwekundu. Yeye utotoni alishtuka katikati ya filamu akaangua kilio, na Bwana Karibu akambeba hadi nje, akambembeleza kwa hadithi ya sungura mpaka akasinzia begani kwake.

"Una bahati, mama," alisema yule wa mkoba. "Wanaume kama yule hawazaliwi tena."

"Ahsante, mwanangu," mjane alijibu. Alikuwa ameshasema ahsante nyingi kiasi kwamba neno lenyewe lilikuwa limekwisha ladha.

Jengo lilikuwa ile sinema kongwe ya mji. Ilifungwa, popo wakahamia, kisha wakatokea watu wa kuhifadhi majengo ya kale, wakaipaka rangi, wakavalisha viti kitambaa kipya, na leo ilikuwa inafunguliwa tena. Na kwa kuwa siku hizi kila ukigeuka ni huduma kwa wateja, huduma kwa wateja, meneja mpya alitaka mtu wa zamani awe mfano kwa wafanyakazi wake. Hakuhangaika. Kila aliyeulizwa alimtaja mtu yuleyule: mkaribishaji wa mlangoni, aliyesimama pale tangu ujana wake hadi magoti yalipogoma. Jina lake halisi wengi hawakulijua. Kwao alikuwa Bwana Karibu, basi. Dawati la kupokea wageni lingeitwa kwa jina hilo. Mjane angevuta kitambaa kilichofunika kibao, kisha angewaambia watu machache: mtu huyu nyumbani alikuwaje.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

"Mama, sema mazuri," mwanawe alimnong'oneza kwa mara nyingine. Alikuwa muuza samani, mwenye duka lake, na suti ilimkaa vizuri. "Marehemu hasemwi."

"Nimeshakwambia nitasema mazuri."

"Usije ukaanza yale ya kunyamaza kwake."

"Ebo! Unataka nikuapie? Nimesamehe mimi, siku nyingi. Niache nipumue."

Na kweli alikuwa amesamehe. Alikuja na maneno yake tayari, mafupi, masafi: alikuwa baba mwema, alitutunza, Mungu amlaze pema. Angeyasema, angevuta kitambaa, angeketi. Mwanawe aliridhika, akajifuta jasho la shingo kwa kiganja, kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma na kualisha vidole, vikalia. Ta! Mkewe, aliyekuwa amesimama nyuma yao na mfuko wa vitu vya wote watatu, akachimba haraka na kumpa leso.

Mjane alitazama pembeni. Sauti ile aliijua kuliko jina lake mwenyewe.

Tuseme ukweli, kwa sababu pale ngazini hakuna aliyeusema. Bwana Karibu hakuwa mlevi, hakumpiga mkewe, hakulala nje. Sasa utakwenda kwa wazee umshitaki kwa lipi? Kwamba hasemi? Wazee wangekucheka. Lakini mtu yule alikuwa akitabasamu mlangoni tangu mchana, na akirudi nyumbani uso alikuwa ameuacha kazini. Aliingia kimya, akaketi, akaalisha vidole. Ta, maji. Ta, chakula. Ta, mtoto anyamazishwe. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea nusu ya mtaa, alikaa siku nzima akisikia habari za watu, na jioni hakuwa na mtu wa kumpa hata moja.

Ila mgeni akibisha hodi, jamani! Mwenye nyumba alinyanyuka kitini kama kijana. "Karibu, karibu sana, kiti chako kilikuwa kinakungoja!" Kiti kinafutwa, mto unawekwa mgongoni. "Na wewe mke wangu, hebu keti, umehangaika toka asubuhi." Mke wangu! Mgeni njoo, mwenyeji apone: watu huusema msemo ule kwa kuchezacheza tu, lakini katika nyumba ile ulikuwa dawa. Mjane, wakati ule bado mwanamke kijana, alikuwa akiwaita majirani kwa visingizio vya kijinga. Njoo uone hili vazi nimelikosea. Njoo uazime chumvi kwangu, naona kama yako imekwisha. Majirani walidhani anapenda watu. Alichotaka ni kuitwa mke wangu. Na mgeni akishaaga, mlango ukishafungwa, tabasamu lilianguka puu, na vidole vikalia.

Siku moja aliomba kwenda kuona sinema.

"Kazini kwangu hakukuhusu," mumewe alisema. Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa ni hotuba.

Basi alikwenda kwa siri. Kulikuwa na onyesho la kina mama, alasiri, ukumbi unajaa mitandio na vicheko. Alijifunika mtandio hadi puani, akaazima viatu vya mdogo wake, vile vya wazi vyenye kisigino, akangoja nje mpaka taa zizimwe. Ndipo akakata tiketi na kuingia gizani. Na mumewe akaja na tochi.

Sasa, tochi ya Bwana Karibu ilikuwa na heshima zake. Haikumulika mteja usoni hata siku moja. Ilishuka chini, ikamulika sakafu mbele ya miguu yako, hatua kwa hatua, usijikwae, mpaka kwenye safu yako. Kisha leso ikatoka, kiti kikafutwa, na sauti ikainama sikioni mwako: "Karibu, mama. Kiti chako kilikuwa kinakungoja."

Aliketi. Filamu hakuiona hata kidogo. Machozi yalimtiririka chini ya mtandio, na yalikuwa ya furaha, msinicheke. Jioni mumewe alirudi, akaalisha vidole, naye akamletea maji huku amebana mdomo kwa siri yake.

Alikwenda tena. Akaendelea kwenda, miaka nenda miaka rudi, kila alipopata vazi la kumaliza mapema. Na humo ndimo ulimozaliwa ule msamaha wake. Alijiambia: hanijui. Angejua kuwa ni mimi, angeona haya, angebadilika. Huyu mtu si mbaya. Wema anao, tele, ila macho yake hayajafika kwangu. Alikusudia kumwambia wakizeeka, wacheke pamoja. Mume alipolala kitandani mara ya mwisho, alikaribia kusema, akafungua kinywa, na mume akaalisha vidole akitaka maji. Akafa na siri ikabaki. Mjane alimlilia kwa moyo mmoja, kwa sababu mtu hahukumiwi kwa asichokijua.

Ndiyo msamaha aliokuja nao leo, ameuvaa pamoja na gauni lake la kijani.

Mlangoni kulikuwa na binti wa mapokezi, koti jekundu, meno nje. Alipowaona alijikunja kidogo kiunoni, mkono mmoja kifuani, mwingine ukionyesha njia, na mjane akasita kwenye kizingiti, maana ulikuwa ni mkao wa marehemu mtupu. "Karibuni sana. Mmependeza," binti alisema. Sauti ilipanda na kushuka palepale ilipokuwa ikipanda na kushuka ile nyingine.

"Nani kakufundisha?" mjane aliuliza.

"Tumefundishwa wote, bibi. Wiki nzima. Inaitwa mtindo wa Bwana Karibu." Akatabasamu tena, kisha akawageukia waliofuata, na uso ukapumzika kidogo pale katikati, kati ya mteja na mteja. Mjane alikiona kile kipumziko. Akamhurumia atakayemwoa, na mtoto atakayemzaa.

Ndani, kando ya ukuta, kulikuwa na kabati la kioo, na ndani ya kioo koti la marehemu limevikwa mwanasesere asiye na kichwa. Chini yake, juu ya kitambaa cheusi, ilikuwa tochi. Watu walilizunguka koti wakisema tazama kola, tazama vifungo, zamani watu walijua kazi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kola ile mjane aliigeuza kwa mkono wake ilipolika, vifungo alivirudisha mara kwa mara, na kila siku kabla ya saa ya kazi alilipiga pasi ya mkaa likasimama lenyewe. Siku moja pasi ilifunguka, kaa likamdondokea juu ya mguu wa kushoto. Kovu lake lilikuwepo mpaka leo, jekundujekundu, pana kuliko dole gumba, nalo lilionekana sasa katikati ya mikanda ya kiatu. Kibao cha kabati kilisema: Koti la Bwana Karibu. Hakikusema zaidi.

"Shoga yangu! Ni wewe au macho yangu?"

Aliyempigia kelele alikuwa bibi mwembamba mwenye mkongojo, aliyekuwa muuza tiketi wa enzi zile. Alikaa nyuma ya kile kidirisha maisha yake yote ya kazi mpaka watu wakamwita Dirisha. Walikumbatiana. Dirisha alinuka marashi na dawa ya kuchua.

"Kila alasiri ya kina mama ulinipa hela zako umegeuza uso," Dirisha alisema akicheka, "kama mwizi wa kuku!"

Mjane naye akacheka. Mwanamke mwenzake, umri wao mmoja, hakukuwa na la kuficha tena. "Kumbe ulinijua?"

"Mimi? Mimi nilijuaje! Mumeo ndiye aliyeniambia."

Kicheko kilimkauka mjane. "Akakwambia nini?"

"Mh! Hakukuambia mpaka anakufa? Loo, wanaume na siri!" Dirisha akasogea, akamshika kiwiko, akiwa na raha ya mtu mwenye zawadi. "Ile siku yako ya kwanza kabisa. Alikuja dirishani kwangu na tochi yake, anacheka peke yake. Akasema, mke wangu yumo ndani, kajifunika gubigubi anadhani simjui. Nikamuuliza umemjuaje gizani? Akasema, kwa kovu. Nimemulika miguu, nikaliona kovu la pasi yangu."

Mjane akaitazama miguu yake. Alificha uso, akaficha sauti, akaazima viatu, na mtu anayefanya kazi ya kumulika miguu akamwachia miguu wazi. Mjinga gani huyu.

"Akajua," alisema taratibu. "Toka siku ya kwanza."

"Toka siku ya kwanza! Mimi nikamwambia, si ukamsalimie basi mkeo, umkalishe mbele, umletee soda? Akasema, mwache." Dirisha akaiga ile sauti, laini, yenye kuinama. "Mwache afurahi. Amelipia."

"Alisema hivyo? Amelipia?"

"Hivyohivyo. Na kila ulipokuja aliniambia, leo mteja wangu yumo. Mapenzi gani hayo jamani! Mie wangu asingeniona hata ningewaka moto."

Dirisha aliendelea kusema, lakini mjane hakuwa akisikia. Jambo moja tu lilikuwa likizunguka kichwani mwake. Alijua. Alinifutia kiti akijua ni mimi, akaniita mama kwa sauti ile akijua ni mimi, kisha akatembea njia nzima hadi nyumbani, akaketi, akaalisha vidole akijua ni mimi. Kumbe si kwamba hakuwa na wema uliosalia, wala si kwamba hakujua nilikuwa nautaka. Alijua ninautaka hata kuvaa viatu vya kuazima. Alinipimia palepale penye mlango, na nje ya mlango akaninyima. Hasira ilimpanda, hasira mbichi, ya mwanamke kijana, akawa hana pa kuipeleka maana mwenyewe alikuwa ndani ya ardhi. Ule msamaha wote, jamani. Alimsamehe mtu kwa kutojua, na kumbe alijua.

"Mama, tunaitwa," mwanawe alisema. Vidole vikalia, ta, na mkewe akapokea koti la mume wake na kulilaza mkononi.

Ukumbi ulijaa hadi ghorofani. Meneja alikuwa kijana mchangamfu, mikono haitulii. Alizungumza kuhusu urithi wetu, kuhusu mteja ni mfalme, kisha akamsogezea mjane kipaza sauti. "Mama yetu, sisi tulimjua hapa mlangoni. Hebu wewe utuambie, nyumbani alikuwaje?"

Alikuwa baba mwema, alitutunza: maneno yalikuwa palepale, yamekunjwa, yanangoja kufunguliwa. Mwanawe alimtikisia kichwa kutoka safu ya mbele, haya, Mama. Nyuma ya mabega ya mwanawe, kwa kuwa safu ya wageni rasmi ilikuwa imejaa, alisimama mkewe, mfuko mkono mmoja na koti mkono wa pili.

"Nyumba njema si mlango," mjane alisema. "Mmeniuliza habari za ndani, na nyinyi mlikomea mlangoni. Hata mimi, niwaambie, wema wa mtu huyu niliupata mlangoni." Mwanawe alikuwa ameanza kukunja uso. "Nilikuwa nakuja hapa kwa siri, nimejifunika. Nilikata tiketi kama nyinyi. Alinimulikia njia, akanifutia kiti, akaniambia kiti changu kilikuwa kinaningoja. Leo nimeambiwa kwamba alinijua, siku zote, na alisema niachwe kwa kuwa nimelipia. Basi nitasema kama mtu aliyelipia. Kama mteja, sina lalamiko."

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka, wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi kwa utamu wa kisa. Mzee wa mwavuli alisimama. "Kama mteja, sina lalamiko!" meneja alirudia kwenye kipaza sauti. "Hiyo tutaiandika ukutani!" Na kweli akamgeukia msaidizi wake kumwambia aikumbuke. Kama mke je? Hakuna aliyeuliza. Hata mwanawe alikuwa akicheka kwa kupata nafuu, anapigapiga paja.

Mmoja tu hakupiga makofi, na si kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Mkamwana alikuwa akimtazama mama mkwe wake moja kwa moja, mdomo wazi, kama aliyeitwa jina lake mbele ya watu.

Mjane alivuta kitambaa. Kibao kiling'aa. Kisha meneja akasema kuna jambo dogo la kuwashtukiza: filamu ya ufunguzi ilikuwa inaanza, na kabla haijaanza, mtoto wa Bwana Karibu atamwongoza mama yake hadi kitini kwa tochi ya baba. Tochi ikatolewa kabatini, imetiwa betri mpya. Taa zikazimwa.

Mwanawe aliipokea vizuri. Mkono ulijua wenyewe. Mwanga ulishuka sakafuni, ukatangulia miguu ya mjane hatua kwa hatua, ukalikuta kovu, ukalivuka. Wakafika kwenye safu yao. Leso ikatoka, kiti kikafutwa, naye akainama, na sauti iliyotoka ilikuwa ileile, utadhani kaburi limejibu. "Karibu, mama. Kiti chako kilikuwa kinakungoja."

Watu wa karibu wakaguna kwa raha. Mjane hakuketi.

"Mmulike mkeo," alisema.

"Nani?"

"Mkeo. Yuko nyuma yako. Mmulike. Si miguu, mmulike usoni."

"Mama, watu wanatutazama."

"Ndiyo vizuri. Wewe si huwa mwema watu wakikutazama? Mmulike."

Aligeuka, labda kwa mazoea ya kutii, na mwanga ukapanda. Mkamwana alikuwa amesimama kwenye ujia, mfuko huku na koti huku, asiweze hata kukinga macho. Uso wake ulikuwa umelowa. Mwanawe alimtazama kwa muda, na ungeapa alikuwa anajaribu kukumbuka alikowahi kumwona.

"Huyo hakulipia," mjane alisema. "Mkaribishe."

Maneno yalikuwepo, si alikuwa ameyasema sasa hivi tu? Mdomo ulifunguka. Meneja, huko mbali, alianza kupiga makofi akidhani ni sehemu ya sherehe, akaona yuko peke yake, akaacha. Mashine ikaanza kunguruma juu, na pazia la sinema likawa jeupe.

Tochi ikashuka tena sakafuni. "Kaeni basi, filamu inaanza," mwanawe alinong'ona, akajibana kwenye safu na kuketi.

Mkamwana alitafuta kiti chake mwenyewe gizani, kwa kupapasa.